Anza na Pampu ya Mkono, Kabureta Ingoje

Ndugu zangu, asanteni kwa kusogea. Wenye sigara wazizime, maana hapa mezani kuna petroli. Chupa hii ya kioo nimeijaza kutoka chini kabisa ya tangi la boti iliyokaa miezi bila kufanya kazi. Naitikisa mbele yenu, naifunga vizuri, naiweka hapa. Tutairudia.

Nazungumzia mashine kuukuu za boti, zile za kufunga nyuma, stroki mbili, zenye kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Malalamiko yake mnayajua: pale ukingoni inawaka na kunguruma vizuri, ukiifungulia majini inakwenda dakika mbili tatu, halafu inapungua nguvu kama mtu aliyebanwa pumzi, inazima. Ukingoja kidogo, inawaka tena. Mtu akinieleza hivyo, nawaza njia ya mafuta kwanza. Umeme ukikatika, mara nyingi mashine huzima ghafla kama taa. Mafuta yakipungua, hufifia kabla ya kuzima. Si amri ya msahafu, lakini imeniokolea siku nyingi.

Sasa, karibu sote tuna ugonjwa mmoja: bisibisi ya kwanza inakwenda kwenye kabureta. Mimi mwenyewe niliwahi kuifungua kabureta moja mara tatu ndani ya wiki. Nikaisafisha, nikabadilisha gasketi, nikajisifu. Mara ya nne, nimeshakata tamaa, nikafungua mfuniko wa tangi nione tu mafuta yamebaki kiasi gani. Tangi likavuta hewa: fyuuu! Skrubu ya tundu la hewa ilikuwa imekazwa. Na aliyeikaza ni mimi, siku nilipolisafirisha lile tangi. (Chekeni tu, nimeshazoea.)

Kwa nini kitundu kile kiiangushe mashine nzima? Kwa sababu pampu ya petroli ya mashine hizi haina mota. Ni kiwambo chembamba, tuseme kama cha ngoma, kinachochezeshwa na mapigo ya shinikizo kutoka ndani ya mashine kila pistoni inapopanda na kushuka. Nguvu yake ya kuvuta ni ndogo mno. Petroli ikitoka tangini bila hewa kuingia kushika nafasi yake, tangi nalo linavuta upande wake, na pampu inashindwa.

Ndiyo maana nasema shika kwanza pampu ya mkono, hili pira lililo katikati ya mpira wa mafuta. Mshale wake uelekee kwenye mashine. Liinue, upande wa mashine uwe juu, kisha minya. Likijaa na kuwa gumu, vizuri. Likibaki limenywea kama chungwa lililokamuliwa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: tundu la hewa, chujio la kwenye bomba la kuvutia, au vali ya kuzuia mafuta yasivuje. Likijaa lakini haligandi gumu hata uminye mara hamsini, kuna hewa inayoingia mahali, au vali zake za ndani zimechoka, au petroli inapita moja kwa moja na kumwagika kwenye kabureta kwa sababu sindano ya floti, yaani ya kile kielea kinachofunga petroli kabureta ikijaa, haifungi. Hilo la mwisho utalijua kwa pua kabla ya macho.

Hewa ni mjanja. Pale inapoingia, mafuta si lazima yavuje, kwa sababu mashine ikivuta, ufa unanyonya ndani. Mimi hufunga kipande cha mpira wa plastiki unaoona ndani, usioyeyushwa na petroli, karibu na pampu ya mashine. Mapovu yakipita mfululizo, natafuta kibanio kilicholegea au oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, iliyokauka kwenye kiunganishi.

Hebu mtazame kipande hiki. Kwa nje mpira huu hauna hata ufa. Nimeupasua kwa wembe. Mnaona ngozi ya ndani ilivyobanduka? Ukiupuliza kwa mdomo unapitisha bila shida. Lakini petroli ikivutwa kwa kasi, hii ngozi inainuka na kuziba njia. Mashine ikizima, inalala tena. Ndiyo ile habari ya "ukingoja kidogo, inawaka." Mpira wa namna hii hausafishwi. Tupa, weka mpya wa mafuta.

Kipimo kingine: boti ikiwa inakwenda na mashine ikaanza kufifia, mwenzako aminye pira. Ikifufuka, pampu ya mashine haivuti vya kutosha, au nyuma yake kuna tatizo. Fungua pampu, kitazame kiwambo kwenye mwanga. Tobo dogo kama ncha ya pini linatosha kuwa sababu. Isipofufuka, hapo ndipo kabureta inapata zamu yake.

Na usiendelee kuibembeleza mashine ifike hivyo hivyo. Kwenye stroki mbili zinazochanganyiwa oili tangini, kwa mfano 50 kwa 1, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, oili inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na moto ndani ya silinda unazidi. Pistoni inakwaruza silinda, na gharama yake si tena ya mpira wa mafuta.

Kabureta sina mengi. Mashine inayozima mwendo wa chini lakini inakimbia vizuri, tazama jeti ndogo, yaani kile kitundu cha kupitishia petroli ya mwendo wa chini. Puliza kwa hewa na dawa ya kusafishia. Usichokonoe kwa waya, shaba ya jeti ni laini na tundu litapanuka.

Naam, mama pale nyuma? Anauliza kama petroli yenye ethanoli, yaani iliyochanganywa na pombe, ina neno. Ina neno, mama. Ile yenye ethanoli asilimia 10 hubeba maji kidogo tu, kama nusu ya asilimia. Yakizidi hapo, ethanoli inajitenga pamoja na maji na kuzama chini, pale pale bomba la kuvutia linapoishia. Katika lita 20, hicho ni kiasi cha mililita 100 tu, na maji yakiingia kidogo kidogo kwa miezi yanaweza kufika.

Sasa njooni mezani, mmoja mmoja. Chupa imetulia. Mnaouona pale chini ni mstari, na kilicho chini ya mstari ndicho mashine ile ilikuwa ikinyweshwa.