Mashine ya Smith: Reli Haibebi Uzito

Ndugu wanamazoezi, nimeombwa nizungumzie mashine ya Smith, ile ambayo chuma chake hupanda na kushuka kwenye reli mbili badala ya kuachwa huru mikononi mwa mnyanyuaji. Wengi huikimbilia wanapofanya mazoezi peke yao, wakiamini kwamba chuma kisichoyumba hakiwezi kuwadhuru. Imani hiyo ina ukweli nusu tu, kwa kuwa reli huongoza mwendo lakini haibebi uzito. Ukiishiwa nguvu, chuma kitakushukia, na hakuna cha kukizuia isipokuwa kulabu zinazokifunga kwenye mashine na vizuizi vinavyokipokea chini.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye vizuizi, maana ndivyo vinavyopuuzwa zaidi. Kabla hamjaongeza hata sahani moja ya uzito, teremsheni chuma kitupu hadi mwisho wa zoezi mnalokusudia, kisha fungeni vizuizi vya pande zote mbili kwa kimo kimoja, chini kidogo ya hapo. Anayelala kwenye benchi kusukuma chuma ana kipimo kizuri: akitunisha kifua, chuma kiguse fulana yake bila kugonga vizuizi, akilaza mgongo na kushusha kifua, vizuizi vikipokee. Benchi nalo lipangwe ili chuma kishukie katikati ya kifua, kamwe si shingoni.

Kulabu hufungwa kwa kuzungusha chuma kwa viganja, na mashine hutofautiana: nyingine hufunga kwa kuzungusha mbele, nyingine nyuma. Jifunzeni mwelekeo huo mkiwa na chuma kitupu, kwa sababu mikono iliyochoka haina muda wa kubahatisha, na hakikisheni kulabu zote mbili zimekaa kabla ya kuachia.

Katika kuchuchumaa na chuma mabegani, miguu ndiyo huamua kila kitu. Chuma huru hufuata mwili, lakini hiki huulazimisha mwili ukifuate. Kwa hiyo asimamaye vibaya hatasahihishwa na mashine, bali ataubebesha mgongo au magoti yake kosa hilo kila anaporudia. Tafuteni mahali pa miguu bila uzito, na anayeipeleka mbele ahakikishe sakafu haitelezi. Zipo pia mashine zenye reli zilizoinama, ambapo upande unaotazama hubadilisha zoezi zima.

Kuhusu kilo, chuma cha kawaida cha mashindano ya wanaume kina kilo 20, lakini baadhi ya mashine hizi zina vipingauzito vinavyokifanya chuma kiwe chepesi, na hapo majigambo ya kilo hupoteza maana. Anayehamia kwenye chuma huru aanze na uzito mdogo kuliko aliouzoea kwenye reli.

Mwisho, chuma kikikwaruza upande mmoja, au mkiona kebo ya mashine imechanikachanika, msilazimishe: kifungeni, ondoeni sahani, na mmwambie msimamizi kabla mwingine hajaitumia.