Mto Unaopanda Mlima

Haya wapendwa, mnanisikia? Upepo mkali huku, mnivumilie. Leo nimetoka Sapporo nimekuja Nibutani, kijiji cha Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hiki cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Huo nyuma yangu ni mto Saru.

Niwaulize. Mto unaanzia wapi? Najua mnaandika hapo chini: mlimani! Hata mimi shuleni niliimbishwa hivyohivyo, Rufiji unatoka bara unaishia baharini. Sasa kwa Waainu wa kale mto unaanzia baharini. Ni kiumbe hai, unaingia nchi kavu, unapanda mdogomdogo mpaka kichwa chake kifike mlimani. Nilicheka niliposikia. Halafu nikafikiria: samaki aina ya samoni hupandaje? Na mtu anayekwenda kuwinda dubu anafuata njia gani? Hiyohiyo, anaufuata mto juu.

Samoni wanamwita kamuy cep, samaki wa kamuy. Hilo neno kamuy watu hulitafsiri "mungu", wengine watasema mizimu. Mimi sikubaliani. Kwangu mimi, neno la karibu ni mgeni. Dubu ni kamuy aliyekuja kutembelea binadamu akiwa amevaa koti la manyoya. Nyama na ngozi ndiyo zawadi aliyobeba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, au siyo? Na mwenyeji naye hamwachi aondoke mikono mitupu. Anamwagia pombe, anamchongea inaw, vijiti ambavyo maganda yake yananing'inia kama nywele zilizosukwa. Akitendewa vizuri, atarudi.

Nimeingia kwenye nyumba yao ya matete, chise. Katikati kuna jiko la kuni, na moto wenyewe ni Ape Huci. Huci ni bibi, yaani bibi yako kabisa. Maombi yanapitia kwake kwanza, yeye ndiye anayewafikishia kamuy wengine. Ukutani kuna dirisha la kamuy, kwa nyumba nyingi za bonde hili linatazama upande wa juu wa mto, kule mlimani. Ole wako uchungulie ndani ukiwa nje! Mimi nilikuwa karibu kupiga picha pale, mama mmoja akanivuta mkono.

Ngoja nigeuze kamera. Mnauona ule ukuta? Ni bwawa. Serikali ilichukua ardhi ya Waainu, na sehemu zao za ibada zikafunikwa na maji. Wenye ardhi wawili walikwenda mahakamani, mmoja wao ni Kayano Shigeru, Mwainu wa kwanza kuingia bungeni Japani. Mwaka 1997 mahakama ya Sapporo ikasema ardhi ilitwaliwa kinyume cha sheria, tena ikawatambua Waainu kuwa wenyeji wa asili. Lakini bwawa lilishakamilika, halikubomolewa.

Pale pembeni wamejenga njia ya samaki wa kupanda. Ngoja niteremke nikaone kama kuna aliyepita leo.