Kabla ya kununua RAM, soma ile herufi L

Hii maneno mmenisikia nikiisema kila mahali na leo narudia, kwa sababu watu bado wanatupa pesa. Usiende Luthuli Avenue, pale Nairobi kwa maduka ya elektroniki, kuuliza "RAM (ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya 8GB ni pesa ngapi". Hapo unajitakia kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Chomoa ile ya zamani, uende nayo mkononi.

Kuna kijana aliniletea HP EliteBook 840 G1, hizi mtumba zimejaa town. Amenunua kipande cha RAM cha 8GB kimeandikwa DDR3, hiyo ni aina ya RAM, amechomeka kimeingia vizuri kabisa, akiwasha skrini giza, taa ya Caps Lock inapepesa tu. Fundi fulani alikuwa ameshamwambia motabodi imekufa, na kijana wa watu ameanza kukopa pesa ya motabodi! Nikachomoa kile kipande nikasoma stika: PC3-12800S. Nikaitisha cha zamani: PC3L-12800S. Mmeona? Hiyo L moja ndiyo shida yote. Yenye L, yaani DDR3L, inatumia volti 1.35, isiyo na L, yaani DDR3 ya kawaida, inataka 1.5, na prosesa ya Intel ya jenereshoni ya 4 kwa laptopu kama hiyo imetengenezewa 1.35. Tukarudisha cha zamani, ikawaka hapo hapo. Motabodi haikuwa na neno.

Sasa kuna mtu hapo anataka kuniambia, mwalimu, kama haifai mbona imeingia? Imeingia kwa sababu DDR3 na DDR3L za laptopu zote zina pini 204 na ule mkato wa chini uko mahali pamoja. Kuingia ni kitu kingine, kukubali ni kingine. DDR4 ndiyo haiingii, ina pini 260 na mkato wake umesogea, na bado kuna watu wanasukuma kwa nguvu mpaka slotu, ile nafasi ya kuchomeka RAM, inavunjika, jamani tafadhali! Na usimwambie muuzaji "nipe ya 840" ukanyamaza, maana G1 na G2 ni DDR3L, G3 ni DDR4. Ukikwama kabisa kati ya hizo DDR3 mbili, chukua yenye L, kwa kawaida hata mashine ya 1.5 inaikubali.

Naona naonyeshwa saa, haya, mbio mbio. Ukichanganya RAM ya spidi ya 1333 na ya 1600, zote zitatembea kwa 1333, hakuna hatari. Windows ya biti 32 ya kawaida haitumii RAM inayopita 4GB hata uongeze nini, kwa hivyo angalia hiyo kabla hujatoa pesa. Kipande kimoja cha 16GB cha DDR3L, prosesa ya jenereshoni ya 4 haikisomi, weka viwili vya 8GB kama slotu ziko mbili, ThinkPad X240 iko na moja tu.

Wewe wa shati ya bluu, zima hiyo laptopu, toa chaja na betri, ulete hapa mbele tuifungue tusome stika yake.