Jua Sakafu Yako Kabla ya Kushika Dekio

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, karibuni. Hapa mezani nina vipande vitatu: terazo, saruji iliyopigwa niru, na kigae cha kauri. Nakamua ndimu juu ya kila kimoja. Mliokaa mbele tazameni kwa makini. Terazo inatoa povu papo hapo. Saruji nayo inatoa povu, dogo kidogo. Kigae kimetulia, hakuna kitu.

Sasa naifuta terazo kwa kitambaa. Mnaona pale ndimu ilipokaa pamefifia? Huo si uchafu, kwa hiyo hakuna sabuni itakayoondoa doa hilo. Vipande vya marumaru vilivyomo ndani ya terazo ni jamii moja na chokaa, na asidi inakula chokaa. Mng'ao huo utarudi tu fundi akija na mashine ya kusagia na mawe yake. Na hii ilikuwa ndimu. Dawa za choo za majimaji, hasa zile za bluu, nyingi zina asidi ya hidrokloriki inayofika karibu asilimia 10. Mtu anaimwaga sakafuni kwa nia njema, anasugua, anafurahi kuona povu, na povu lenyewe ndiyo sakafu inayoondoka.

Ndiyo maana nasema sakafu nyingi haziharibiwi na miguu. Zinaharibiwa na usafi usiojua sakafu imetengenezwa kwa kitu gani. Siki, ndimu, dawa ya choo na asidi ya betri zisiguse terazo, marumaru halisi, niru wala sakafu ya chokaa. Kwa hizo tumia sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 10, basi. Ukizidisha sabuni haisafishi zaidi. Inabaki juu kama utando, utando unashika vumbi, na kesho sakafu inaonekana chafu kuliko jana.

Twende kwenye vigae, maana ndiyo sakafu ya nyumba nyingi za mijini sasa. Kigae kimenyamaza mbele ya ndimu kwa sababu juu kina tabaka la kioo. Lakini kati ya kigae na kigae kuna grauti, na grauti ya kawaida ni saruji. Nyumba ikisafishwa kwa dawa ya choo kila wiki, vigae vitang'aa vizuri sana huku grauti inazidi kushuka, inakuwa tifutifu kama mchanga, maji yanaanza kupita chini. Bafuni maji hayo yanaishia kwenye dari ya jirani wa chini, au yanapanda ukutani na kumenya rangi. Watu wanaita fundi bomba, wanavunja ukuta kutafuta bomba lililopasuka, kumbe bomba ni zima.

Grauti ikiwa nyeusi kwa ukungu, chukua jiki ya kawaida ya asilimia 3.5, changanya mililita 150 kwenye lita 5 za maji, paka kwa brashi, acha dakika 10, sugua, suuza kwa maji mengi. Grauti ya rangi inaweza kupauka, kwa hiyo jaribu kwanza kona iliyojificha. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: jiki na dawa ya choo yenye asidi havikutani. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lenye dirisha la kipande linatosha kumlaza mtu hospitali. Wala si lazima avichanganye ndoo moja. Akimwaga dawa ya choo, asisuuze, kisha akaja na jiki juu yake, imetosha. Mwelezeni dada wa kazi, mwelezeni na kijana anayekuja Jumamosi, kwa maneno yaliyo wazi, na muwaoneshe chupa zenyewe.

Grauti iliyokwisha kuliwa haisafishwi, inajazwa upya. Kwangua ya zamani kwa kisu cha grauti au kipande cha msumeno wa chuma, ushuke angalau theluthi mbili ya unene wa kigae. Wengi hukosea hapa: wanapaka grauti mpya juu ya ya zamani, inakaa unene wa karatasi, na baada ya wiki chache inabanduka. Ondoa vumbi kwa brashi, lowesha kidogo, pasiwe na maji yaliyotuama. Koroga grauti iwe nzito kama siagi ya karanga; ikiwa majimaji, itapasuka ikikauka. Isukume ndani kwa bapa la mpira ukienda mshazari, maana ukifuata mstari bapa litachota grauti uliyoweka. Subiri dakika 20 hadi 30, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Usiikanyage wala kuimwagia maji kwa saa 24.

Kigae kinacholia mtupu nacho huulizwa sana. Gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Palipo na gundi kamili mlio ni mfupi na mzito, palipo wazi unasikia uwazi. Chanzo cha kawaida ni fundi kuweka donge la udongo, yaani saruji na mchanga, katikati ya kigae na kukibonyeza, pembe zikabaki hewani. Chanzo kingine ni kigae cha poselini kuwekwa kwa saruji na mchanga mtupu. Poselini hainyonyi maji zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo saruji haina pa kung'ang'ania. Inataka gundi ya vigae. Kigae kikilia mtupu kwenye pembe moja lakini hakichezi, kiache. Kikicheza, kata grauti kukizunguka kote kwanza, vunja kuanzia katikati kwenda nje ili usipasue cha jirani, chimba udongo wa chini milimita 10 hivi, ndipo uweke kipya kwa gundi chini yake na nyingine mgongoni mwake.

Ila mstari mzima ukiinuka kwa kishindo mchana wa jua kali, hilo si kosa la kigae kimoja. Sakafu imekosa nafasi ya kutanuka. Vigae vimebanwa ukuta hadi ukuta, joto limevitanua, havina pa kwenda isipokuwa juu. Fundi anapaswa kuacha milimita 5 hadi 10 kuzunguka chumba, pengo ambalo skatingi italificha, na kwenye baraza linalopigwa jua aweke mshono wa silikoni takriban kila mita 3. Ukirudisha vigae vile vile bila pengo, utarudia kazi.

Mchanga nao si wa kudharau. Chembe za mchanga wetu nyingi ni za kwatzi, ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini. Marumaru ni 3. Kila kiti kinachoburutwa juu ya mchanga kinachora. Kwa hiyo ufagio kwanza, dekio baadaye, na mikeka miwili mlangoni: wa nje mkavu mgumu wa makumbi ya nazi, wa ndani wa kitambaa. Kwenye kudeki tumia ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia dekio. Ndoo moja ukiitumia nyumba nzima, chumba cha mwisho unakipaka tope la chumba cha kwanza. Visima vingi vya pwani hutoa maji ya chumvi. Ukidekia hayo, kausha kwa kitambaa, usiyaache yakauke yenyewe, kwani ukungu mweupe unaobaki ni chumvi.

Niru. Sakafu ikitoa vumbi kila ukifagia, kosa lilifanyika siku ilipomwagwa: maji yalizidi, au fundi alinyunyiza saruji kavu kukausha maji yaliyopanda juu, au haikumwagiliwa siku 7. Tiba ipo na si ghali. Nunua sodiamu siliketi kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Osha sakafu, iache ikauke kabisa. Changanya sehemu moja ya siliketi na nne za maji, paka kwa brashi pana, futa inayobaki juu. Kesho yake osha, ikauke, paka tena. Rudia mara ya tatu. Inaungana na chokaa iliyo huru ndani ya saruji na kuziba vitundu. Haiwezi kushika palipopakwa nta au rangi, kwa hiyo nta itolewe kwanza kwa tapentaini.

Palipobomoka usipake uji wa saruji juu. Tabaka jembamba hupoteza maji yake kabla halijashika, nalo litabanduka. Kata kingo zisimame wima, chimba angalau milimita 25, lowesha usiku kucha, paka uji wa saruji, kisha jaza mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga msafi. Funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima.

Zulia la plastiki ni rahisi kulitunza, lakini chini yake huficha unyevu. Kabla ya kulitandika, gundisha nailoni ya nusu mita kwa nusu mita sakafuni, kingo zote kwa utepe, uiache saa 24. Ukikuta matone ndani, subiri. Usilifute kwa mafuta ya taa, yanalilainisha na kulipausha. Mikeka yenye mgongo wa mpira nayo hulitia doa la njano lisilotoka.

Mbao nitazigusa kidogo. Mninga au mvule, yote hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kamwe si kwa kumwagiwa maji. Kingo za ubao zikinyanyuka na katikati pakabonyea, unyevu unatoka chini. Wengi huita fundi apige msasa palepale. Msiwaruhusu. Zuieni maji, ubao ukauke wiki kadhaa, mara nyingi utashuka wenyewe. Ukisagwa ukiwa umevimba, ukikauka utabaki na mgongo katikati.

Kuna karatasi ya swali hapa: unga mweupe unarudi kila baada ya kudeki, chumba cha chini, nyumba ya karibu na bahari. Hiyo ni chumvi iliyomo kwenye mchanga au ardhini, inabebwa na unyevu unaopanda. Maji yanaondoka hewani, chumvi inabaki juu. Ukiiosha, unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ipige brashi kavu, ikusanye, itupe nje, na rudia hivyo hivyo mpaka ipungue. Usiipake rangi wala kuifunika kwa vigae kwa sasa, kwa sababu chumvi itasukuma chochote kilicho juu yake. Wakati huohuo zunguka nje: je, maji ya bati yanamwagika kwenye msingi? Udongo wa bustani umepanda juu kuliko sakafu ya ndani? Ushushe udongo huo sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, peleka maji ya bati mbali na ukuta, na uanze hapo kabla hujanunua dawa yoyote.