Deni Lisilofutika: Habari za Karatasi ya Kielektroniki

REHEMA: Karibuni tena. Mimi Rehema, na huyu ni Deo, ambaye leo kaja studio na kibao cha mtoto.

DEO: Cha binti yangu. Kibao cheusi cha plastiki, unaandika kwa kijiti, mistari inatoka kijani. Wazazi mnavijua.

REHEMA: Naona paka, na chini ya paka kuna "Rehema, elfu tano."

DEO: Paka ni wa binti, deni ni lako. Sasa dada, nilipoandika hapa nimetumia betri kiasi gani?

REHEMA: Kidogo?

DEO: Hata chembe. Ndani kuna fuwele za kimiminika, molekuli zake zimejisokota kama ngazi ya kuzunguka. Zikiwa ovyoovyo, mwanga unapita hadi kwenye mgongo mweusi, unaona weusi. Ukikandamiza kijiti, pale kilipopita zinatiririka na kujipanga, zinarudisha mwanga wa kijani. Nguvu ni ya mkono wako. Betri kazi yake kufuta: unabonyeza kitufe, umeme unapiga mara moja, zinavurugika zote.

REHEMA: Kumbe. Mimi nilidhani karatasi ya kielektroniki ni Kindle tu, kile kisomeo cha vitabu cha Amazon.

DEO: Hawa ni ukoo mmoja. Hawatoi mwanga wao, wanarudisha wa jua au wa taa. Na picha ikishakaa, imekaa, hata ukikata umeme. Simu yako juani inashindana na jua na inashindwa. Hizi jua likiwaka ndiyo kwanza zinasomeka.

REHEMA: Ila Kindle ya kawaida haiandikwi kwa kijiti.

DEO: Hapana, pale kuna vifuko vidogo mno, upana wake kama unywele hivi. Kila kimoja kina mafuta angavu, unga mweupe na unga mweusi. Mweupe ni titani dioksidi, ileile inayotiwa kwenye rangi nyeupe ya ukuta. Mweusi ni kaboni, kama masizi. Mweupe una chaji chanya, mweusi hasi. Kioo kikipeleka chaji chanya chini ya kifuko, mweupe unasukumwa juu na mweusi unavutwa chini. Geuza chaji, unapata nukta nyeusi. Ukikata umeme, unga unabaki ulipofika.

REHEMA: Na kule kupepesa ukigeuza ukurasa? Mimi nilidhani yangu mbovu, nikaipeleka kwa fundi.

DEO: Akakutoza?

REHEMA: Tuendelee.

DEO: (anacheka) Unga unaogelea kwenye mafuta, dada, hauwezi kwenda kasi ya kioo cha simu. Na chembe nyingine hubaki nyuma, ndiyo unaona kivuli cha ukurasa uliopita. Kupepesa kule ni kama kukung'uta mkeka.

REHEMA: Nani aliwaza haya?

DEO: Nicholas Sheridon, maabara ya Xerox huko California, miaka ya 1970. Yake hayakuwa maungaunga. Chukua gololi, ipake nusu nyeupe nusu nyeusi, ifanye ndogo kabisa, umeme uigeuze. Vifuko vilikuja baadaye, chuo cha MIT huko Marekani, kwa Joseph Jacobson na wanafunzi wake Barrett Comiskey na JD Albert. Kampuni yao ya vioo hivi, E Ink, ikaanzishwa 1997. Sony wakatoa kisomeo Japani 2004, Kindle ikafuata 2007. Hata Motorola walitoa simu ya kitochi yenye kioo hiki, F3, mwaka 2006.

REHEMA: Za rangi je? Nimeona moja, imepauka kama kanga ya miaka kumi.

DEO: Hiyo itakuwa Kaleido, aina ya rangi ya E Ink. Ni kioo kilekile cheusi na cheupe, kimewekewa chujio la rangi juu. Chujio linakula mwanga, ndiyo kupauka. Maandishi meusi yana nukta 300 kwa inchi, rangi zinashuka hadi 150. Gallery ni aina yao nyingine: rangi nne za unga ndani ya nukta yenyewe. Inapendeza, lakini rangi nzuri kabisa inataka kama sekunde moja na nusu kutulia.

REHEMA: Sekunde moja na nusu! Video basi tena.

DEO: Video walijaribu Liquavista, kampuni iliyozaliwa ndani ya Philips. Tone la mafuta ya rangi limetandazwa chini ya maji. Ukiweka umeme, mafuta yanajikunja pembeni, nyeupe ya chini inaonekana. Kasi ya kutosha kabisa. Samsung wakainunua 2011, Amazon 2013.

REHEMA: Mbona hatuioni madukani?

DEO: Ilifungwa. Na mimi nina neno nayo: yale mafuta ukiyakatia umeme yanajitandaza tena, picha inapotea. Sasa karatasi gani hiyo?

REHEMA: Unaongea kwa uchungu kama uliwekeza hela. Hebu nipe hicho kibao. (mlio wa kitufe) Deo, mbona hakifuti?

DEO: Betri imekufa tangu Jumapili.

REHEMA: Deo!

DEO: Elfu tano, dada. Mkononi au kwa simu?