Ulichokosa Hukioni: mhadhara kuhusu indeksi na utafutaji wa nyaraka

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele kidogo, viti vipo. Nimeambiwa niongelee indeksi na utafutaji wa taarifa, ila mi kuna kitu kimoja kinanisumbua na ndicho nitakachokizungusha leo: mtu akitafuta anaona alichopata, alichokosa hakioni, na kwa sababu hakioni anadhani hakipo.

Kwanza indeksi yenyewe, maana watu wanaiogopa bure. Chukua nyaraka tatu: ya kwanza inasema "paka amelala", ya pili "panya amelala", ya tatu "paka kamla panya". Kompyuta haizisomi zote upya kila ukiuliza, ingekesha, badala yake inageuza mambo kichwa chini miguu juu, yaani haiorodheshi waraka una maneno gani, inaorodhesha neno liko kwenye nyaraka zipi. Paka yuko 1 na 3, panya yuko 2 na 3, ukiwataka wote wawili inakutanisha orodha hizo inabaki 3. Basi, hakuna uchawi.

Ipi itangulie juu ni swali jingine. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Uingereza alisema hivi, neno linalopatikana kwenye nyaraka chache lipewe uzito kuliko lile lililozagaa kila mahali, ndo maana ukitafuta "paka na panya" hilo "na" halihesabiki kitu. Wazo dogo tu, lakini hadi leo BM25, kanuni maarufu ya kupanga matokeo ya utafutaji, inalibeba ndani yake.

Sasa utajuaje mfumo wako ni mzuri? Cyril Cleverdon, mkutubi wa kule Cranfield, Uingereza, miaka ya 60, alichukua nyaraka 1,400 za mambo ya ndege, zikaandaliwa maswali na majibu yake, halafu akapambanisha njia mbalimbali za kuindeksi. Misamiati iliyopangwa kwa jasho na wataalamu ikashindwa na maneno ya kawaida yaliyomo kwenye waraka wenyewe, na waliofanya jaribio walishangaa kama watu wengine. Kutoka huko vikashika vipimo viwili. Usahihi: katika ulivyoletewa, vingapi vinahusika kweli. Ukamilifu: katika vyote vinavyohusika, umeletewa vingapi. Cha kwanza unakipima ukiwa umekaa kitini, cha pili ndo balaa maana unaambiwa uhesabu vitu ambavyo hujaviona.

Watafiti David Blair na M. E. Maron walithubutu kukipima hicho cha pili, matokeo wakayatoa 1985. Kulikuwa na kesi kubwa ya kampuni, nyaraka kama 40,000 zote zimeingizwa neno kwa neno kwenye STAIRS, mfumo wa utafutaji wa kampuni ya IBM, mawakili wakasema wanahitaji angalau asilimia 75 ya zinazohusika, wakatafuta wakarudia wakatafuta tena mpaka wakaridhika kwamba wamefika. Walikuwa wamepata kama asilimia 20! Na usahihi ulikuwa karibu asilimia 79, ndo uliowalaghai, kila wanachofungua kinahusika, nani atashtuka? Sababu yenyewe ukiisikia unacheka: wao wanaandika "ajali", mwenzao ndani ya barua kaandika "tukio", mwingine "hali", mwingine "tatizo". Indeksi haikukosea hata kidogo, ilileta neno lililoombwa.

Na hapo ni Kiingereza, ambacho neno halibadiliki sana. Martin Porter 1980 alitoa kanuni za kukata mikia ya maneno ili sura mbalimbali za neno zihesabike kitu kimoja, na kwa Kiingereza inatosha maana mabadiliko mengi yako mwishoni. Kiswahili je? Alisoma, wanasoma, hajasoma, nilikisoma, waliosomeshwa: huku kunabadilika mbele, katikati na nyuma, ukiacha hivohivo mtafutaji wa "soma" anakosa karibu zote. Kijana mmoja akaniambia mwalimu si tukate tu viambishi vya mbele, nikamwambia haya kata, akakata "ki" na "vi" kwenye kitabu na vitabu, ikabaki tabu. Kwa hiyo anayetafuta vitabu analetewa tabu za watu! Tulicheka, ila ukweli ni kwamba unahitaji kamusi ya mashina nyuma ya hizo kanuni, na mimi ningeanza huko kabla sijagusa hesabu yoyote ya kisasa.

Swali pale? ... Eeh, unauliza bila pesa ya kupitia nyaraka zote utapimaje ukamilifu. Blair na Maron nao hawakupitia zote. Walichota sampuli kwenye zile ambazo mfumo haukuzileta, wakawapa mawakili walewale wazisome bila kuwaambia zimetoka upande gani. Fanya hivo. Chota mia mbili kwenye mabaki, bahati nasibu, usichague, zichanganye na zilizoletwa, mpe mwenye swali asome. Ikitokea kumi za mabaki zinahusika, na mabaki yako ni elfu kumi, piga hesabu mwenyewe ni ngapi zimelala huko.