Fedha Taslimu, Hisa na Mahandaki: Jinsi Mashirika ya Ndege ya Uswisi Yalivyokufa

Ndugu wasikilizaji, tuanze na alasiri ya tarehe 2 Oktoba 2001. Swissair, shirika ambalo watu walizoea kuliita benki inayoruka, lilisimamisha ndege zake zote. Ndege zilikuwa nzima, marubani walikuwa kazini, abiria walikuwa na tiketi mkononi. Kilichokosekana ni fedha taslimu za mafuta.

Jibu la haraka ni kulaumu mashambulizi ya 11 Septemba. Silikubali. Kundi lililomiliki Swissair lilikuwa limetangaza hasara ya karibu faranga za Uswisi bilioni 2.9 kwa mwaka 2000, miezi kadhaa kabla ya mashambulizi hayo. Septemba ilimkuta mgonjwa kitandani.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye udogo wa nchi. Swissair ilizaliwa Machi 1931 kwa kuunganishwa mashirika mawili, Ad Astra Aero na Balair. Katika miaka ya 1990 Uswisi ilikuwa na watu takriban milioni 7, na kutoka Zürich hadi Geneva treni inakufikisha kwa kama saa 3. Abiria wa ndani hawatoshi kujaza ndege kubwa. Kwa hiyo shirika liliishi kwa abiria wa kuunganisha safari: mtu anatoka Dar es Salaam, anabadilisha ndege Zürich, anaendelea Stockholm. Abiria huyo hana deni nawe. Kesho Amsterdam ikipunguza nauli, atapita huko.

Tarehe 6 Desemba 1992 wapiga kura wa Uswisi walikataa kujiunga na Eneo la Kiuchumi la Ulaya, yaani soko la pamoja na nchi za Umoja wa Ulaya, kwa asilimia 50.3. Matokeo yake, Swissair haikupata uhuru wa kuruka popote ndani ya Umoja wa Ulaya, wala haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya nusu ya shirika la huko. Mazungumzo ya kuungana na KLM ya Uholanzi, SAS ya Skandinavia na Austrian Airlines yalivunjika mwaka 1993. Hapo ukaja mkakati ulioitwa Mwindaji, chini ya mkuu wa kundi hilo, Philippe Bruggisser, na kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey: kama huwezi kulimiliki shirika, nunua kipande chake.

Vipande vilinunuliwa kweli: asilimia 49.5 ya Sabena ya Ubelgiji mwaka 1995, 49.9 ya LTU ya Ujerumani, halafu AOM na Air Littoral za Ufaransa, LOT ya Poland, hata asilimia 20 ya South African Airways. Wenye afya walikuwa wameshapata wachumba, waliobaki sokoni walikuwa wagonjwa. Sabena, chini ya mwavuli huohuo, iliagiza ndege 34 za familia ya Airbus A320, kupita mahitaji yake.

Fundo liko hapa. Kwenye daftari la wanahisa Swissair ilikuwa na chini ya nusu. Lakini kwenye mikataba ya pembeni ilikuwa imeahidi kubeba hasara na kununua hisa zaidi baadaye. Umiliki ulikuwa wa nusu, deni likawa zima. Anayesoma hesabu za shirika la ndege asiishie kwenye jedwali la mali na madeni. Akatafute ahadi zilizofichwa kwenye maelezo ya nyuma.

Sasa tuone mashine ilivyosimama. Katika hali ya kawaida shirika hukusanya fedha za tiketi kabla ya safari, na mafuta na ada za viwanja hulipa baadaye. Pengo hilo ndilo linaloendesha shughuli. Uvumi ukienea, pengo linageuka: muuza mafuta anataka fedha kwanza, kiwanja kinadai ada papo hapo, mwenye ndege za kukodi anakumbuka dhamana. Tarehe 1 Oktoba ilitangazwa kwamba benki za UBS na Credit Suisse zingenunua hisa za Crossair, shirika dogo lililokuwa chini ya kundi lilelile, na safari zingehamishiwa huko. Kila mdai akaelewa kwamba Swissair itaachiwa madeni matupu, akadai chake siku ileile. Serikali ilitoa faranga milioni 450, na baadhi ya ndege zikaruka tena siku mbili baadaye. Sabena ilifilisika Novemba. Ndege ya mwisho ya Swissair ilitua Zürich 1 Aprili 2002 ikitoka São Paulo. Mkataba wa usafiri wa anga kati ya Uswisi na Umoja wa Ulaya, ambao ungefungua milango ileile, ulianza kazi 1 Juni 2002. Miezi miwili!

Wadogo nao walikufa, kwa sababu nyingine. SkyWork ya Bern ilikoma Agosti 2018. Darwin Airline ya Lugano ilikoma Desemba 2017. Lugano imezungukwa na milima: mteremko wa kutua ni nyuzi 6.65 badala ya 3 za kawaida, na njia ya kurukia haifiki mita 1,500. Darwin ilitumia Saab 2000 za viti 50, kwa kuwa ndege kubwa haziingii. Viti vichache maana yake kila tiketi inabeba gharama nzito, na soko linabaki kwa wafanyabiashara wanaokwepa safari ndefu ya treni. Desemba 2016 treni za kati ya Zürich na Lugano zikaanza kupita handaki la Gotthard chini ya milima, kilomita 57. Adria ya Slovenia, iliyoruka njia ya Lugano–Zürich kwa niaba ya Swiss, shirika lililorithi nafasi ya Swissair, ilifilisika mwaka 2019. Njia hiyo haikurudishwa. Mwaka 2020 handaki la Ceneri, kwenye njia hiyohiyo ya reli, lilipofunguliwa, treni ikawa inatoka Zürich na kufika Lugano kwa takriban saa 2.